Mchagua jembe ndiye mkulima

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu chuoni methali hii pamoja na maelezo yake ya kawaida: kwamba mkulima wa kweli hushika jembe lolote lililo karibu akaingia shambani, na kwamba anayezungukazunguka akichagua mipini anatafuta tu sababu ya kuikwepa kazi. Maelezo hayo yana ukweli wake. Hata hivyo, hivi majuzi nimelazimika kuyatilia shaka, na aliyenilazimisha ni mpwa wangu, kijana seremala, aliyenijia nyumbani Jumamosi moja akiwa na karatasi mkononi.

Kijana huyu alihitimu mwaka uliopita katika chuo kimoja cha ufundi. Hutengeneza makabati ya jikoni, meza na vitanda, na mikono yake ni mizuri. Tatizo lake ni rangi. Wateja wake wamezoea kuona makabati ya madukani yaliyo laini kama kioo, na wakitazama ya kwake huona michirizi ya brashi, kisha huanza kupunguza bei. Kwa hiyo dada yangu, mamaye kijana, akakopa Sh40,000 katika chama chake cha akina mama ili mwanawe anunue mashine ya kupuliza rangi. Mkopo huo sharti ulipwe kwa muda wa miezi 10, na waliomdhamini dada yangu ni majirani anaokutana nao sokoni kila siku.

Kijana alikuwa amekwisha kuonyeshwa mashine katika duka moja jijini Nairobi. Muuzaji alimhakikishia kwamba mashine hiyo ina nguvu kuliko zote, na kwamba ingepaka nyumba nzima kwa siku moja. Bei yake ilikuwa Sh38,000.

"Mjomba," akaniambia, "wewe ni daktari wa lugha. Nisomee karatasi hii kabla sijazitoa pesa za mama."

Niliisoma karatasi yote, na sina budi kukiri mbele yako, msomaji, kwamba nililielewa kila neno bila kuielewa mashine. Karatasi ilisema kuwa mashine ile haitumii hewa. Nilijiuliza ni vipi chombo cha kupuliza kisitumie hewa, ilhali katika lugha yetu kupuliza ni kazi ya pumzi: hupulizwa moto jikoni, hupulizwa filimbi, hupulizwa uji wa moto upoe. Elimu yangu yote ya isimu haikuweza kumwambia mpwa wangu iwapo anunue au asinunue. Jumatatu tukafunga safari hadi barabara ya Ngong, mahali ambapo maseremala hupanga viti na makabati yao kandokando ya njia, tukamtafuta mzee mmoja ambaye aliwahi kunitengenezea rafu za vitabu.

Mzee yule hakuitazama karatasi. Alimkalisha kijana juu ya kibao, akamuuliza maswali. Nimeona vyema niyaeleze hapa, kwa kuwa naamini ndiyo yanayopasa kuulizwa na kila mwanafunzi wa useremala, na kila mwalimu wake, kabla ya senti moja kutoka mfukoni.

Swali la kwanza: "Utapuliza rangi gani?" Kijana alijibu kwamba atapuliza rangi zote. Mzee akatikisa kichwa. Laka na vanishi za thina ni nyepesi, hutiririka karibu kama maziwa. Rangi za maji, hasa zile za msingi zinazotangulia, ni nzito kama uji. Bunduki ya rangi ina tundu mdomoni na sindano inayoliziba na kulifungua, na tundu hilo hupimwa kwa milimita. Kwa laka na vanishi, tundu la milimita 1.3 au 1.4 aghalabu hutosha. Kwa rangi nzito ya maji huhitajika la milimita 1.8 au hata 2. Ukipitisha uji katika tundu la maziwa, bunduki itakohoa na kutema madonge. Ukipitisha maziwa katika tundu la uji, rangi itamwagika na kuteremka ubaoni kama machozi. Basi mnunuzi asiulize tu bei ya bunduki, bali aulize pia kama midomo na sindano za vipimo vingine hupatikana, na kwa bei gani.

Mzee alituonyesha pia kikombe kidogo chenye tundu chini yake. Hukijaza rangi, hukiinua, kisha huhesabu sekunde mpaka mchirizi ukatike. Kwa hesabu hiyo hujua kama rangi ni nzito mno na yahitaji kuzimuliwa, na kiasi gani. Nilivutiwa sana na kikombe kile. Tumezoea kudhani kwamba fundi wa kando ya barabara hukisia tu, kumbe mwenzetu hupima kuliko wengi wetu tulio ofisini.

Swali la pili: "Utapuliza juu ya nini?" Hapa ndipo ile mashine ya dukani ilipoanguka mtihani. Mashine isiyotumia hewa ina pampu inayoisukuma rangi yenyewe kwa shinikizo kubwa ajabu, hata kufikia paundi 3,000 kwa kila inchi mraba. Tairi la gari dogo hujazwa paundi 30 hivi. Basi zidisha hizo mara 100. Rangi inapolazimishwa kupita katika kijitundu kwa nguvu hizo, hupasuka ikawa chembechembe bila kuhitaji hewa. Kwa kuta, dari na mabati ya ghala, hapana mashine inayoifikia kwa kasi. Hata makabati hupakwa kwa mashine za jamii hii, iwapo zimewekewa ncha ndogo sana na mtumiaji wake ni mzoefu, na iwapo milango ya kupakwa ni mingi kwa mpigo mmoja.

Lakini mpwa wangu hutengeneza kabati moja leo na viti vinne wiki ijayo. Mpira wa mashine ile ulikuwa na urefu wa mita 15. Mpira wa urefu huo wenye upana wa ndani wa milimita 6 hubeba zaidi ya lita 0.4 za rangi kabla tone moja halijafika ubaoni, na nyingi ya hiyo hupotea wakati wa kuosha. Anayepaka nyumba nzima hahisi hasara hiyo. Anayepaka kabati moja kwa lita moja ya vanishi huihisi sana. Zaidi ya hayo, kasi ambayo muuzaji aliisifu ndiyo adui wa kazi ndogo: kabla hujahesabu mbili, rangi imejaa na kuanza kuchuruzika pembeni.

Pana jambo jingine ambalo muuzaji hakulitaja hata kidogo. Shinikizo hilo laweza kuipitisha rangi kwenye ngozi hadi ndani ya nyama ya kidole. Jeraha lenyewe huonekana dogo kama la kuchomwa na mwiba, na kijana hushawishika kulifunga kitambaa akaendelea na kazi, ilhali apaswa kukimbizwa hospitali saa ile ile, kwa sababu rangi inayosambaa ndani yaweza kumpotezea kidole au hata mkono. Onyo hilo lilikuwamo katika karatasi, ukurasa wa nne, kwa Kiingereza na Kichina, kwa herufi ndogo kuliko zile za jina la mashine.

Mzee alimweleza kijana kwamba kwa makabati na viti, bunduki inayotumia hewa ndiyo humpa fundi utulivu. Hata hizo nazo si sawa. Ile ya kale hupasua rangi kwa hewa ya shinikizo kubwa. Hutoa kazi laini, lakini sehemu kubwa ya rangi hugonga ubao ikaruka na kuwa ukungu. Ile ya pili hutambulika kwa herufi nne zilizochorwa kwenye mwili wake, HVLP, ambazo maana yake ni hewa nyingi kwa shinikizo dogo. Mdomoni mwake shinikizo halizidi paundi 10. Huko California nchini Marekani, kanuni za kupunguza uchafuzi wa hewa zilitaka bunduki za rangi zifikishe angalau asilimia 65 ya rangi juu ya kitu kinachopakwa, na ndizo zilizosaidia kuzieneza bunduki za aina hii. Hebu tupige hesabu ya darasani. Katika lita 4 za vanishi, asilimia 65 ni lita 2.6. Bunduki ikifikisha asilimia 30 tu, kabatini zitakaa lita 1.2, nazo lita 2.8 zitakuwa zimewapuliziwa majirani na mapafu ya fundi.

Swali la tatu: "Hewa utaitoa wapi?" Wengi hununua bunduki nzuri, kisha wakagundua kwamba kompresa yao haiwezi kuilisha. Bunduki nyingi za hewa nyingi hudai zaidi ya futi 10 za ujazo kwa dakika. Kompresa ndogo ya tangi la lita 24 haifikishi kiasi hicho. Hupuliza vizuri kwa sekunde chache, kisha hewa hupungua, matone yakawa makubwa, na ubao ukatoka na vijishimo kama ganda la chungwa. Tena nambari inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kompresa mara nyingi ni ya hewa inayovutwa ndani, wala si ile inayotoka, ambayo ni ndogo zaidi. Huu nao ni ujanja wa lugha: nambari ni ya kweli, ila imewekwa mahali pa nyingine.

Zipo mashine zinazokuja na feni yao ya kuzalisha hewa, zisizohitaji kompresa. Hizo zafaa kwa fundi anayehamahama, na hewa yake huwa kavu yenye ujotojoto. Zile za bei ya chini, zinazoshikwa mkononi pamoja na mota yake, hutosha kwa ua na milango ya nje, lakini matone yake ni makubwa mno kwa meza ya sebuleni. Anayeletewa mashine na jamaa yake aliyeko Marekani naye atazame kwanza kibandiko chake. Umeme wa huko ni volti 120 na wetu ni volti 240. Mashine iliyotengenezewa wa kwao pekee, ikichomekwa katika ukuta wetu, itaungua siku ya kwanza.

Kompresa ina dosari nyingine: hukusanya maji na mafuta. Tone la mafuta likipita hadi kwenye bunduki, vanishi hujitenga na kuacha viduara kama macho ya samaki. Unyevu nao huitia laka weupe kama ukungu, hasa Mombasa na Pwani kwa jumla, na hata Nairobi wakati wa masika, kwa kuwa thina inapopaa kwa haraka huupoza ubao, na maji yaliyo hewani hunaswa ndani ya laka. Dawa yake ni kichujio cha kutega maji na mafuta katika mpira wa hewa, na subira ya kungoja mvua ipite. Kichujio ni cha bei ndogo ukilinganisha na mashine, lakini ni nadra muuzaji kukutajia.

Nilidhani maswali yamekwisha. Mzee akakohoa, akafuta kinywa, akauliza la nne: "Na wewe mwenyewe utavuta hewa gani?"

Alituambia kwamba wenzake wawili walioanza kazi pamoja naye waliacha kupuliza kwa sababu ya kifua. Hawakuvaa chochote ila leso puani. Leso hupunguza tu vumbi la msasa. Haizuii mvuke wa thina. Ziko vanishi za mikebe miwili zinazochanganywa kabla ya kupulizwa, na nyingi katika hizo huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini. Aliyekwisha kupata pumu hiyo huenda asiweze kuikaribia kazi yake tena. Kwa vanishi za kawaida za thina, barakoa yenye vichujio vya mkaa maalumu ndiyo kinga ya chini kabisa. Kwa zile za mikebe miwili, barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ndiyo salama zaidi. Mvuke wa thina pia ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na ukilifikia jiko la muuza chai aliye hatua chache kando, karakana yote yaweza kuwaka.

Nilikumbuka hapo jambo nililowahi kulisoma. Mmoja wa waasisi wa chombo hiki alikuwa tabibu, Allen DeVilbiss wa mji wa Toledo, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Katika miaka ya 1880 aliunda kipulizio cha kutilia dawa kooni mwa wagonjwa. Mwanawe, mwanzoni mwa karne ya 20, akakigeuza kuwa bunduki ya rangi. Chombo kilichoanza kwa kuyatibu makoo ya watu kisiwe ndicho kinachoyaua makoo ya vijana wetu kwa sababu tu hakuna aliyewaambia wavae nini.

Naam, hapa ndipo nilipofikiria upya methali yangu. Mzee yule alichagua jembe kwa maswali manne, na bado ni mkulima hodari. Nadhani methali inamkemea yule anayechagua ili asilime. Haimkemei yule anayechagua kwa kuwa anajua udongo wa shamba lake. Anayenunua mashine kwa sababu muuzaji ameisifu, au kwa sababu jirani anayo, wala hajauliza rangi yake, kazi yake, umeme wake na pumzi yake, huyo hajachagua, amechaguliwa.

Kuna watakaosema kwamba babu zetu waling'arisha viti kwa kitambaa na brashi bila mashine yoyote, na viti hivyo vingalipo. Ni kweli, na mzee alikuwa wa kwanza kulikubali. Alimwambia kijana waziwazi kwamba fundi mwenye kazi chache kwa mwezi afadhali ajifunze kutumia brashi nzuri na msasa laini kuliko kujitwika deni. Kutonunua nako ni kuchagua.

Walimu wenzangu, neno langu la mwisho ni kwenu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa aliyoinunua. Nikiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, sioni ni vipi onyo la kukatwa kidole liandikwe kwa lugha ambayo mama aliyekopa pesa za chama hawezi kuisoma. Lakini tusingoje wenye viwanda. Katika madarasa ya ufundi, mwalimu anaweza kuchukua karatasi moja ya mashine na kuwataka wanafunzi waieleze kwa Kiswahili sanifu: tundu, sindano, shinikizo, ujazo wa hewa, kichujio, barakoa. Maneno yapo. Atakayeshindwa kulieleza jambo kwa lugha yake ajue kwamba bado hajalielewa, kama mimi nisivyoielewa mashine ile Jumamosi ile.

Nasi tunaofundisha Kiswahili tuache kuwapa wanafunzi insha za mambo wasiyoyajua huku wakiishi jirani na karakana. Mwanafunzi atumwe akamhoji seremala mmoja, kisha aandike alivyochagua zana yake na kwa nini. Atapata msamiati, na pengine atapata riziki.

Mpwa wangu hakuinunua mashine ya Sh38,000. Alinunua bunduki ya hewa yenye kikombe juu, midomo miwili ya milimita 1.4 na 1.8, kichujio cha maji na mafuta, na barakoa ya vichujio vya mkaa, kwa pesa zisizofika nusu ya mkopo. Kompresa hana, hukodi kwa saa ile kubwa ya mzee, siku ambazo mzee haitumii. Pesa zilizosalia alizirejesha kwa mamaye, naye akazipeleka chamani. Kabati lake la kwanza lilichuruzika rangi katika pembe mbili. Alilipiga msasa akalipuliza upya, na nilipolitazama mara ya mwisho lilikuwa limesimama kando ya barabara likiuzwa, bei yake ikiwa imeandikwa kwa chaki, na hakuna aliyekuwa ameipunguza.